Kufungua programu za Windows ndani ya Linux: vile nafanya mie, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile kila wiki. Mtu aja mezani kwangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na laptopu ishawekwa Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, yaenda mbio kuliko zamani, mwenyewe kafurahi, halafu achomeka fleshi anionyesha faili ya .exe na kuniuliza "sasa hii mbona haifunguki?" Na tangu Windows 10 ikatiwe apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 ndo wamezidi, maana mashine nyingi za mtumba tulizo nazo huku hazikubali Windows 11, ile yataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za juzi juzi, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Kueleza kwa mdomo nimechoka, naandika mara moja, ukija kuniuliza nitakutumia hii.

Nadharia yenyewe ni fupi. Faili ya .exe imeandikwa kuongea na Windows, nifungulie dirisha, nipe faili ile, peleka hii kwa printa. Linux haijui lugha hiyo. Wine hukaa katikati kama mkalimani, kila ombi la programu hulitafsiri papo hapo likawa ombi ambalo Linux yaelewa, kwa hivyo huhitaji kuwa na Windows yenyewe popote. Na jina lisikutishe. Kuna mzee alinitolea macho, "Wine? Wataka kuniwekea mvinyo kwenye kompyuta ya madrasa?" La, mzee wangu, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza tu, yasema kwamba Wine si emuleta, yaani si programu ya kuigiza kompyuta nzima, na mradi wenyewe uko tangu 1993.

Lakini usikimbilie Wine kwanza. Hapo ndo wengi hukosea, wahangaika siku nzima na kitu ambacho kingeisha kwa dakika 5 kwa njia nyingine. Fuata mpangilio.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Laptopu yenye Linux Mint 22 au Ubuntu 24.04. Amri zilizo hapa chini ni za hizo mbili, ukiwa na nyingine majina ya vifurushi, yaani programu zenyewe za kuinstol, huenda yakabadilika. RAM ya 4 GB yatosha.
- Nafasi ya kama 10 GB kwenye diski, na bando la maana. Usianze na bando la saa moja likukatikie katikati.
- Paswadi ya kompyuta. Ukiiandika kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, huenda usione kitu, hata vinyota, kibodi yako si mbovu, wewe andika ubonyeze Enter.
- Faili ya kuinstolia, yaani setup yenyewe kutoka kwa mwenye programu, na namba ya leseni kama yatakiwa. Watu hukopi folda kutoka Program Files ya kompyuta ya zamani wakidhani ndo programu nzima, na vitu vyake vingine vimebaki kwenye rejista ya Windows, daftari lake la mipangilio, huko huko.
- Jina kamili la programu na namba ya toleo. "Ile ya duka" si jina.

Hatua ya 1: Uliza kama programu yako ina toleo lake la Linux

Programu nyingi sana zimeandikwa zifanye kazi kwenye mfumo zaidi ya mmoja. VLC, LibreOffice, GIMP, Inkscape, Audacity, Blender, OBS Studio, Telegram, hizo zote ziko, na nimeshaona mtu kainstol VLC ya Windows kupitia Wine, wallahi nilitaka kulia. Fungua Software Manager kwenye Mint, andika jina, ukiona chagua moja kati ya ile ya mfumo na ile ya Flatpak, inayokuja na vitu vyake yenyewe. Ya Flatpak mara nyingi huwa mpya zaidi ila hula bando na nafasi.

Na hata kama programu yenyewe haina toleo la Linux, uliza kama *kazi* yako ina programu nyingine. Fundi mmoja wa Majengo anayedarizi kanzu kwa mashine alikuja na programu ya Windows ambayo haifunguki mpaka uchomeke kidude cha leseni kwenye USB. Vidude hivyo vyataka draiva (programu ya kuongoza kifaa) ya Windows, na draiva ya Windows haiingii ndani ya Linux kupitia Wine, basi. Nikamuonyesha Ink/Stitch, ni nyongeza ya Inkscape, ya bure, yatoa faili za DST na PES ambazo mashine nyingi za kudarizi zazisoma. Ilimchukua wiki kuzoea, alilalamika sana, lakini kidude chake siku hizi hakichomeki tena.

Ukipata faili inayoishia na .AppImage, bonyeza maus upande wa kulia, ingia Properties, halafu Permissions, iruhusu iendeshwe kama programu, kisha ibonyeze mara mbili. Ikilalamika kuhusu FUSE:

`sudo apt install libfuse2t64`

Ikiwa ni .jar hiyo ni Java, na Java haijali uko Windows au wapi:

`sudo apt install default-jre`
`java -jar jina.jar`

Ukishapata hapa, mwongozo huu kwako umeisha, nenda kafanye kazi.

Hatua ya 2: Angalia wenzako walifika wapi

Ingia appdb.winehq.org utafute programu yako. Watu waliojaribu kabla yako wameipa daraja: Platinum ni bora kabisa, halafu Gold, Silver, Bronze, na mwisho Garbage, yaani takataka. Usitazame daraja peke yake, tazama lilitolewa kwa toleo gani la programu na toleo gani la Wine, maana Platinum ya miaka 10 iliyopita haikusaidii kitu, na Garbage ya zamani pia huenda ishatengenezwa.

Geimu za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wezi wa pointi na Office za miaka hii ya karibuni zitakusumbua, heri nikwambie mapema.

Hatua ya 3: Instol Wine

Fungua teminali, andika hizi moja baada ya nyingine:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install wine wine32:i386 winetricks`

Ule mstari wa kwanza usiuruke. Programu nyingi za biashara zilizoandikwa zamani ni za biti 32, huo mstari ndo waruhusu wine32 iingie, na bila wine32 Wine yako itajua za biti 64 tu. Ikimaliza pima:

`wine --version`

Ukiona wine-9.0 na maneno mengine baada yake, uko sawa.

Hatua ya 4: Kila programu na chungu chake

Hii ndo hatua naisisitiza kuliko zote na ndo watu huipuuza. Wine huitengenezea programu folda inayojifanya Windows, ina C: yake, rejista yake, kila kitu. Mie naiita chungu. Usipoiambia kitu Wine hutumia chungu kimoja kwa programu zote, kimefichwa kwenye folda ya .wine, na hapo ukiiwekea programu ya kwanza dawa yake, ya pili yaumwa. Biriani na samaki wa kupaka hazipikwi sufuria moja. Kwa hivyo:

`mkdir -p ~/vyungu`
`export WINEPREFIX=~/vyungu/duka`
`winecfg`

Badala ya "duka" weka jina la programu yako. Ikikuuliza kuhusu kuinstol Mono, mbadala wa .NET ya Microsoft ambayo programu nyingi hujengwa juu yake, kubali. Litafunguka dirisha la winecfg, chini utaona Windows Version, acha Windows 10 isipokuwa programu yako ni ya kale sana, hapo jaribu Windows 7 au XP. Bonyeza OK.

Sasa sikiliza vizuri. Ule mstari wa export unakumbukwa na teminali hiyo hiyo tu. Ukiifunga ukafungua nyingine, lazima uuandike tena. Nimepigiwa simu saa tano usiku na mtu anahema, programu imepotea na data zote, kumbe kafungua teminali mpya na Wine yamtafutia kwenye chungu kingine. Haikupotea kitu.

Na usiandike `sudo wine` hata siku moja. Hata programu ikigoma. Sudo ni ya kuinstol vifurushi vya Linux, ukiitumia na Wine faili za chungu zakuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu, kesho wewe mwenyewe hufungui, na programu ya mtu usiyemjua umeipa funguo za nyumba nzima.

Hatua ya 5: Instol programu yenyewe

Kopi setup kutoka kwa fleshi uiweke Downloads. Halafu, kwenye teminali ile ile:

`cd ~/Downloads`
`wine setup.exe`

Jina la faili likiwa na nafasi katikati litie alama za kunukuu, au andika herufi mbili tatu za kwanza ubonyeze Tab lijimalizie lenyewe. Ikiwa faili yaishia na .msi:

`wine msiexec /i jina.msi`

Litakuja dirisha la kawaida la Next, Next, Finish, kama vile uko Windows. Teminali itajaa mistari yenye neno fixme, iache, hiyo ni Wine yajisemea yenyewe. Mwisho ikiuliza kama wataka kurestat kompyuta kubali, itajirestat Windows ya bandia tu, laptopu yako haizimi.

Neno kuhusu virusi. Watu hudhani wakishakuwa Linux wamesalimika. Virusi vya Windows vyaweza kufanya kazi ndani ya Wine, na Wine ina drive Z: ambayo ni diski yako nzima ya Linux, kwa hivyo kile kinachofunga faili za watu na kudai pesa chaweza kufika kwenye picha zako za harusi. Programu "iliyovunjwa leseni" ya kupeana kwa fleshi usiilete.

Hatua ya 6: Ifungue

Kawaida itajiweka kwenye menyu, tafuta Wine halafu Programs, na ukiifungulia huko chungu chake yakijua yenyewe. Usipoiona toka kwenye akaunti uingie tena. Ikikataa kabisa, kwa mkono:

`wine 'C:\Duka\duka.exe'`

Njia ya faili utaijua ukiingia kwenye folda ya vyungu, duka, halafu drive_c. Hiyo drive_c ndo C: yako.

Hatua ya 7: Fonti na mengineyo

Hapa nitakaa kidogo. Duka moja la leso Biashara Street wana programu ndogo ya stoo na risiti, ya siku nyingi, na leso wanaziandika kwa jina lake, maana mteja haulizi "nataka namba 114", auliza jina. Tumeinstol, imefunguka, mama mwenye duka kafurahi, tukatoa risiti ya kwanza. Leso ni "Japo sipati tamaa sikati". Risiti imeandika "Japo sipati tamaa". Mama akaitazama, akanitazama mimi, akasema "mwanangu, hii sasa ni leso gani?"

Shida ni kwamba programu ilitaka Arial, kwenye Linux haikuwepo, Wine ikaweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi na maneno yakakatika kwenye kisanduku. Dawa:

`winetricks corefonts`

Basi. Fonti za kawaida za Windows zikaingia ndani ya chungu, tamaa ikarudi kutokatwa.

Winetricks ina dawa nyingi. Programu ikilalamika yakosa faili yenye jina kama MSVCP140.dll, weka `winetricks vcrun2022`. Ikidai .NET na Mono haikutosha, `winetricks dotnet48`, hiyo yachukua muda mrefu sana, kaa unywe kahawa na usiifunge. Lakini usimwage dawa zote kwa sababu umeona mtu kwenye video amefanya hivyo. Moja, pima, halafu nyingine.

Hatua ya 8: Printa na skana

Printa iwekwe kwanza kwenye Linux yenyewe, itoe karatasi ya majaribio, baadaye Wine itaiona. Usiinstol draiva ya printa ya Windows ndani ya Wine, wapoteza wakati. Kama Linux yaiona na programu haiioni, na programu ni ya biti 32:

`sudo apt install libcups2t64:i386`

Funga programu ufungue tena. Skana za baakodi za USB zile za kawaida ni rahisi, kompyuta huziona kama kibodi tu, wachomeka wapiga.

Hatua ya 9: Weka akiba kabla stima haijapotea

Raha ya chungu ni kwamba programu na data zake, kama yaweka ndani ya C:, viko folda moja. Funga programu, halafu:

`tar -czf ~/duka-akiba.tar.gz -C ~/vyungu duka`

Faili hiyo moja ndo uikopi kwenye fleshi. Usikokote folda ya chungu moja kwa moja kwenye fleshi, ndani yake mna vinjia vya mkato ambavyo fleshi za FAT32 hazijui kuvihifadhi, utapata kopi nusu. Na FAT32 haipokei faili moja ya 4 GB na kuendelea, kama yako imenenepa tumia diski ya nje. Halafu hakikisha data zako kweli ziko C:, kwa sababu ile My Documents ya Wine mara nyingi yaelekea kwenye Documents yako ya Linux, nje ya chungu.

Kama teminali yakutia baridi

Kwenye Software Manager tafuta Bottles. Inafanya haya haya kwa vitufe: watengeneza chupa mpya ya aina ya Application, wabonyeza Run Executable, wachagua setup. Wao waita chupa, mie chungu. Weka setup ndani ya Downloads kwanza kwa sababu Bottles imefungiwa isione kila pembe ya kompyuta. Ni nzuri, ila yashusha vitu vingi mwanzoni na ikikwama huelewi imekwama wapi, ndo maana mie nafundisha teminali.

Kama Wine imeshindwa kabisa

Bakia na VirtualBox, yaani Windows nzima ndani ya dirisha. Hapa sasa wahitaji leseni ya Windows na RAM ya 8 GB kwenda juu, na 4 GB usijaribu, itakuwa mashine mbili zote zatambaa. Faida yake ni kwamba vile vidude vya USB vya leseni huko vyaweza kukubali. Kwanza ujiongeze kwenye kundi:

`sudo usermod -aG vboxusers $USER`

toka uingie tena, ndipo USB zionekane.

Na aliye upande wa pili, yuko Windows 11 na ataka programu ya Linux, yeye kazi yake nyepesi. Afungue PowerShell kama msimamizi, aandike `wsl --install`, arestat, na programu atakazoinstol kwa apt zitafunguka kwenye madirisha ya kawaida pembeni ya zile za Windows.

Ikigoma

*Yaandika "it looks like wine32 is missing".* wine32 haikuingia, andika tena mistari yote ya hatua ya 3. Rudi.

*Yaandika chungu "is not owned by you".* Ulitumia sudo, nilikukataza. `sudo chown -R $USER:$USER ~/vyungu/duka`

*Wabonyeza, hakuna kinachotokea.* Ifungulie kwenye teminali usome. Mistari ya fixme ipite, tafuta yenye neno err, na kama kuna jina la .dll ndani yake hilo ndo la kutafutia dawa kwenye winetricks.

*Dirisha jeusi au tupu, au menyu zafunguka mbali na dirisha.* winecfg, Graphics, tia alama kwenye "Emulate a virtual desktop", weka ukubwa wa skrini yako.

*Maandishi madogo kama mchwa.* Hapo hapo Graphics, chini kuna dpi, toa 96 weka 120 au 144.

*Imeganda na haifungiki.* `wineserver -k`, ukiwa ushaandika ule mstari wa export. Yafunga kila kitu cha chungu hicho, na kazi ambayo hukusevu imeenda.

*Ilikuwa sawa jana, leo haitaki, na hukumbuki ulichogusa.* Toa kopi ya data yako, futa folda ya chungu, na kama una faili ya akiba:

`tar -xzf ~/duka-akiba.tar.gz -C ~/vyungu`

Kama huna, anza tena hatua ya 4.